Bodi Ngumu, Springi Laini

Mhadhara kwa mafundi, madereva na wanafunzi wa ufundi, Kakamega

 

Kuna ombi ambalo fundi wa magari hulisikia sana siku hizi: "Fundi, niwekee baa, gari lishike barabara." Kijana ameona chini ya boneti ya mwenzake chuma kilichong'arishwa, kimevuka juu ya injini kutoka upande mmoja hadi wa pili, naye anakitaka. Chuma chenyewe hupatikana dukani. Hufungwa kwa bolti chache, na kabla ya saa moja kwisha gari limeshatoka gereji. Mimi kijana huyo humjibu kwa swali: gari lako linapinda wapi? Asiyejua hilo ananunua uzito tu. Nataka leo tujibu swali hilo pamoja, kwa sababu barabara zetu na magari yetu yanatudai jibu kila siku.

Gari dogo la leo halina chesisi ya peke yake. Sakafu, paa, nguzo za milango na kuta za injini zimeunganishwa kwa maelfu ya vitone vya kuchomelea vikawa mwili mmoja, na mwili huo ndio chesisi. Lancia Lambda ya Italia ilifungua njia hiyo mwaka 1922, na Citroën Traction Avant ya mwaka 1934 ikaifanya kuwa kazi ya kiwanda cha magari mengi. Mwili wa namna hii ni mwepesi na imara, lakini si mwamba. Gari likipanda tuta kwa gurudumu la mbele kushoto huku la nyuma kulia likiwa shimoni, bodi nzima husokoteka. Msokoto wenyewe ni sehemu ndogo ya digrii moja, macho hayauoni, ila mlango unaujua. Egesha gari mahali tambarare, linyanyue kwa jeki kona moja ya mbele mpaka gurudumu liache ardhi, halafu fungua na ufunge milango yote. Ukiona mlango uliokuwa ukifunga kwa kidole sasa unakwaruza nguzo yake au unagoma kushika kitasa, bodi hiyo imelegea. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi, na kila anayenunua gari la mtumba angeanza nacho kabla ya kusikiliza mlio wa injini.

Kwa nini msokoto huo utusumbue? Fundi akifunga springi na shoki, anazipa kazi ya kuamua kila tairi lisukumwe ardhini kwa nguvu gani. Springi hufanya kazi hiyo kwa kujiegemeza kwenye bodi. Bodi ikinyumbuka, inakuwa springi ya pili iliyofuatana na ile ya kwanza, tena springi isiyo na shoki ya kuituliza. Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme mfumo wa mbele hupinga kulala kwa gari kwa nyutoni mita 500 kwa kila digrii, na bodi hupinga msokoto kwa nyutoni mita 5,000 kwa digrii. Vikifuatana, unabaki na takriban 455. Bodi imekula asilimia 9 tu, na dereva wa kawaida hatalalamika. Sasa kijana akaze springi mpaka zifikie 1,500. Atategemea 1,500, lakini atapata karibu 1,150, kwa kuwa bodi ile ile sasa inakula asilimia 23. Amelipa pesa, gari linamrusha kama punda aliyeshtuka, na robo ya alichokinunua imepotea kwenye mabati.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka mlishike. Vijana wengi wanakaza springi, wanashusha gari chini, kisha wanaongeza baa kama pambo la mwisho. Katika barabara zetu mpango unaofaa umegeuka: kaza bodi, uache springi ziwe laini na ndefu. Bodi ngumu ndiyo inayompa fundi ruhusa ya kutumia springi laini, kwa sababu springi laini iliyoegemea kitu kisichotikisika hufanya kazi yake yote, tairi likafuata shimo na tuta bila kuachana na ardhi. Tairi lililo hewani halina usukani wala breki.

Somo hili Afrika Mashariki imelisoma hadharani kwa miaka zaidi ya 70. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakawa Safari Rally, yakawekwa wakati wa Pasaka, mvua inapogeuza murramu kuwa uji. Mwaka 1954 D. P. Marwaha na Vic Preston walishinda kwa Volkswagen, gari lenye sakafu ya chuma iliyopitiwa na mgongo mmoja katikati, bodi ikafungwa juu yake kwa bolti. Mwaka uliofuata watu hao hao walishinda kwa Ford Zephyr, gari la mwili mmoja, lenye strati za MacPherson mbele, yaani shoki na springi zilizounganishwa zikawa nguzo moja. Strati hizo, ambazo mhandisi Earle MacPherson alizibuni Marekani, zimo leo katika karibu kila gari dogo mnalolitengeneza, na ndizo zilizoleta haja ya ile baa ya chini ya boneti. Nitazirudia.

Kisha zikaja Peugeot 404. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Nick Nowicki alikuwa wa kwanza kwa 404. Bert Shankland, aliyeishi Tanzania, alishinda kwa 404 mwaka 1966 na 1967. Mwaka 1968 yakaondoka magari 93, yakarudi tena 7, na Nowicki akashinda tena kwa 404. Gari hilo halikuwa na nguvu nyingi za injini. Lilikuwa na springi laini zenye mwendo mrefu, na mwili ulioweza kuzibeba springi hizo kwa maelfu ya kilomita bila kuachia viungo. Wazee waliomo humu wanaikumbuka ndugu yake, 504, iliyowabeba kutoka magharibi hadi Nairobi ikiwa imejaa hadi buti. Waliopanda wanajua ilivyokuwa ikiogelea juu ya mashimo, na bado dereva alikuwa na gari mikononi.

Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 pamoja na ndugu yake Jaswant, tena Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika katika mashindano kabla haijafika mikononi mwake. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Huyu alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na mimi huwatajia wanafunzi jina lake kwa sababu hiyo hasa. Gari la mtumba lililoandaliwa na mtu anayejua kila kiungo chake lilishinda yaliyotoka kiwandani yakiwa mapya.

Na leo? Mashindano yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, yakiwa Naivasha, wahandisi walileta mawazo yale yale kwa vyuma vipya. Tangu mwaka 2022 magari ya daraja la juu hujengwa juu ya fremu ya mabomba ya chuma yaliyounganishwa kwa pembetatu, vilele vya strati vikiwa sehemu ya fremu hiyo. Mwaka huo Kalle Rovanperä alishinda, na Toyota zikachukua nafasi nne za kwanza. Tazameni picha za magari hayo yakitua kutoka hewani katika mawe ya Naivasha: gurudumu linapanda na kushuka mwendo mrefu ajabu, na bodi imetulia.

Turudi gereji. Ukakamavu wa chuma kilichoungwa hutokana kwanza na umbo. Chuma cha bei ghali na chuma cha kawaida vina ukakamavu ule ule, takriban gigapaskali 200. Cha ghali huchelewa tu kukunjika moja kwa moja au kukatika. Kwa hiyo anayekuuzia baa kwa kusifu aina ya chuma chake hajakuambia kitu kuhusu gari lako litakavyoshika barabara.

Nunueni kipande cha bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 50 na ukuta wa milimita 2. Likateni kwa grainda mstari mmoja, kutoka mwanzo hadi mwisho wa urefu wake. Chuma kilichopotea hakizidi gramu 30 hivi kwa kila mita. Lakini lile bomba, lililokuwa limefungwa na sasa lina mpasuko, limepoteza ukinzani wake dhidi ya msokoto kwa zaidi ya mara 400. Lishikeni kwa mikono, mlisokote, mtaamini. Wanafunzi wangeanza na zoezi hili siku ya kwanza darasani, kabla ya kufungua kitabu.

Sasa tazameni chini ya milango ya Probox. Sizungumzii Probox kwa dharau; gari hili linaibeba kaunti hii. Linapeleka wagonjwa Shinyalu, walimu Navakholo, ndizi na kuku sokoni, na linabeba zaidi ya watu 5 lililoundiwa kubeba. Chini ya milango yake, kila upande, kuna boksi la mabati lililofungwa, linalounganisha mbele na nyuma. Boksi hilo ni lile bomba letu. Kakamega ni mji wa mvua, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na matope hujaa ndani ya boksi kupitia matundu yake ya kutolea maji yaliyoziba. Kutu hula mshono wa chini. Siku mshono unapofunguka, bomba limepasuliwa kwa grainda, na hakuna baa ya juu ya injini itakayorudisha kilichopotea. Fundi wa rangi akija na puti, akaijaza, akaisugua na kuipaka, gari linang'aa huku mgongo wake umekatika. Hili ni jambo la uhai wa abiria, maana boksi hilo hilo ndilo linalowakinga gari likigongwa ubavuni. Kwangueni puti, kateni kutu mpaka mfike kwenye chuma kizima, chomeleeni bati la unene uleule, fungeni boksi kote, kisha mpulizie nta au mafuta mazito ya kuzuia kutu ndani na kuzibua matundu. Kazi hiyo haionekani wala hakuna atakayeisifu barabarani. Ndiyo uimarishaji wa kwanza wa chesisi katika mji huu, na kwa magari mengi unatosha.

Kioo cha mbele nacho ni sehemu ya bodi. Katika magari ya kisasa kimegandishwa kwa gundi maalumu, na kinazuia lile dirisha kubwa lisilale upande kama fremu ya picha iliyolegea misumari. Kikibadilishwa na mtu anayetumia gundi yoyote aliyo nayo, ukakamavu fulani unaondoka nacho. Bushi zilizochakaa, bolijointi zenye mchezo, bolti za fremu ndogo ya injini zilizoachia: hizi zote dereva huzihisi kama ulegevu wa bodi. Zimalizeni kwanza.

Baada ya hapo, ndiyo, tuzungumze baa.

Ile ya mbele huunganisha vilele viwili vya strati. Katika kona kali, tuseme mteremko wa Gambogi kwenda Kiboswa, tairi la nje linaweza kusukumwa na barabara kwa nyutoni 4,000 upande. Strati ni wenzo: chini imeshikwa na bolijointi, juu imeshikwa na kilele cha bati. Kwa vipimo vya gari dogo, kilele hicho husukumwa upande kwa nguvu ya karibu nyutoni 1,000, sawa na uzito wa mifuko miwili ya saruji. Kilele kikisogea milimita moja au mbili, pembe ya tairi inabadilika, na usukani unajibu kwa kuchelewa. Baa hukifunga kilele hiki kwa mwenzake ili visogee kidogo zaidi. Kama vilele viko mbali na ukuta unaotenga injini na chumba cha abiria, baa inasaidia sana. Kama viko karibu na ukuta huo, tayari vimeshikwa, na baa haiongezi mengi. Pimeni kwa utepe kabla ya kuchukua pesa ya mtu.

Baa yenye vifundo vinavyozunguka kwenye bolti moja kila upande inaweza kuvuta na kusukuma tu. Inayopita kwa mkunjo mkubwa juu ya injini itanyooka na kujikunja kidogo kila kona, na ukakamavu unapotelea hapo. Iliyonyooka, yenye miguu mipana iliyofungwa kwa bolti zote za kilele, ndiyo yenye kazi. Na ikiunganishwa na ukuta wa injini kwa vipande viwili vinavyokutana, inakuwa pembetatu, umbo lisiloweza kulala bila kurefusha au kufupisha upande mmoja. Mtu anayejenga paa la nyumba ya mabati huko Lurambi analijua hili vizuri kuliko muuza vipuri.

Nyuma, magari yenye mlango mkubwa wa mizigo yana tundu kubwa ambalo hupenda kulala. Baa inayovuka kati ya vilele vya nyuma, au pembetatu mbili kwenye kona za tundu hilo, huleta nafuu. Ila nitahadharishe. Nyuma ikikazwa, gari huwa jepesi zaidi kugeuka, na katika murramu iliyolowa wepesi huo unaweza kuwa wa kukurusha mtaroni. Gari la abiria lisiongezewe kitu nyuma kabla ya mbele kuwa sawa na tairi zote nne kuwa za aina moja na zenye upepo unaotakiwa.

Mafundi wa kuchomelea, nanyi nisikilizeni. Ondoeni waya wa betri kabla ya kuwasha mashine. Ondoeni mabomba ya mafuta yaliyo karibu. Nguzo za milango za magari mapya mara nyingi ni za chuma kilichopikwa kiwandani kikawa kigumu sana. Moto wenu unakirudisha laini, na nguzo hiyo ndiyo inayolinda kichwa cha dereva gari likipinduka. Msiiguse. Pua ya gari imeundwa ikunjike katika ajali ili imeze kishindo, kwa hiyo msichomelee bomba nene kutoka bampa hadi kwenye ukuta wa abiria mkadhani mmeimarisha. Na kila mahali moto ulipochoma rangi na zinki, rudishieni kinga siku hiyo hiyo, maana mvua ya alasiri haiwasubiri.

Wenye malori na matrela ya miwa, wale wa njia ya Malava na Kabras, kwenu maneno ni mengine. Chesisi ya lori ni reli mbili zenye umbo la C, wazi upande mmoja, na zimeachwa wazi makusudi. Zinasokoteka ili magurudumu yote yabaki ardhini shambani. Ukizifunga kwa mabamba zikawa boksi, msokoto hauishi. Unahamia mahali bamba linapokomea, na hapo ufa unaanza. Lori liacheni lisokoteke jinsi lilivyoundwa.

Nimalizie kwa ombi moja kwa vyuo na gereji zetu, nalo linawezekana kwa vifaa vilivyomo mjini. Tupime. Chukueni gari, toeni shoki na springi, mahali pake fungeni vyuma visivyonyumbuka ili bodi peke yake ndiyo ipimwe. Nyuma kalisheni juu ya stendi mbili imara. Mbele kalisheni juu ya boriti ya chuma inayovuka upande hadi upande, iliyoegemea egemeo moja katikati, na wekeni stendi za tahadhari kila upande gari lisije likapinduka. Boriti itokeze mpaka mita 1.5 kutoka kwenye egemeo, na mwisho wake ning'inizeni mifuko miwili ya saruji, kilo 100. Hiyo ni nyutoni mita 1,470 hivi. Kwenye kilele cha strati fungeni leza ya fundi wa ujenzi, ielekee upande, doa lake lipige ukuta ulio umbali wa mita 10. Nyingine fungeni nyuma. Andikeni doa liko wapi kabla ya mzigo na baada ya mzigo, mkitoa mwendo wa leza ya nyuma kutoka kwa wa ile ya mbele. Doa likisogea milimita 32, bodi hiyo ina takriban nyutoni mita 8,000 kwa digrii. Zibeni kutu, fungeni baa, rudieni. Likisogea 27, mmefika karibu 9,500. Lisiposogea tofauti na mwanzo, baa hiyo ivueni na mteja arudishiwe pesa zake.

Tuanze na Probox, maana ndizo nyingi. Kila gereji itakayopima iandike ukutani mwaka wa gari, hali ya kutu chini ya milango, milimita za kabla na milimita za baada, na mwanafunzi yeyote aruhusiwe kuja kunakili.